Uwanja Haufagiwi

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025

Nimefika nyumbani. Kavimvira! Mpakani mwa Burundi na Kongo foleni ilikuwa fupi. Askari wa uhamiaji alifungua begi langu, akakuta vitabu tupu, akanionea huruma. Eti, mutoto, unahamisha biblioteki? Ndiyo, afande. Nahamisha.

Shule imetupa wiki ya kujisomea kabla ya mitihani ya mdomo. Wenzangu wamebaki bwenini Bujumbura. Mimi nimesema nitasoma vizuri zaidi nikila sombe ya Mama, kile kisamvu chake. Madame Candide alinitazama juu ya miwani yake, akacheka. Yeye ndiye mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, na mwanafunzi wake ni mimi peke yangu. Wengine wote wamechukua Kifaransa au Kiingereza. Nikiumwa, darasa linafungwa.

Papa nimemkosa. Ameondoka juzi kwenda Bukavu na Fuso la bosi wake, kapakia ndagala, dagaa wa ziwani, na mawese. Siku mbili tu! Beseni lake kubwa la bluu limeegemezwa ukutani, linamngoja. Papa akitoka safari hali chakula wala hasemi mpaka miguu yake iingie kwanza katika lile beseni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Mama aliwahi kuloweka maharage humo, ikawa vita nyingine ya Kongo.

Lakini uwanja wetu — aibu! Majani ya mparachichi, maganda ya muhogo, nyayo kila upande. Na Mama ndiye yule anayefagia mpaka mbele ya mlango wa jirani. Nimemuuliza kama anaumwa. Kasema nisome vitabu vyangu.

Haya, nisome. Nipange hapa ili kichwa kitulie. Karatasi ya kwanza: unapewa kifungu ambacho hujawahi kukiona, unakichambua. Hiyo ni Mei. Karatasi ya pili: insha ya kulinganisha vitabu viwili. Mei pia. Halafu kazi ya mdomo — hii ndiyo inayonitoa jasho. Jumanne ya tarehe 18! Unaingia na ukurasa mmoja wa kitabu chako na vidokezo vichache, unaongea dakika kumi, kisha mwalimu anakuuliza maswali. Sauti inarekodiwa, inapelekwa ng'ambo kwa watu usiowajua. Na maswali huyajui! Bila kazi ya mdomo hakuna diploma. Na ni lazima iwe mbele ya mwalimu, uso kwa uso.

Ukurasa wangu unatoka katika riwaya ya kwanza niliyosoma kwa mtihani huu. Mwanamke mmoja, mumewe kaenda machimboni, kijiji kizima kimehama. Yeye kila asubuhi anafagia uwanja. Basi. Hayo tu. Naupenda ukurasa huu kuliko vitabu vyote vilivyobaki.


Jumapili, tarehe 9 Februari

Misa. Mama ni mwalimu wa katekisimu, kwa hiyo parokia nzima sasa inajua kwamba bintiye ana "mutihani ya dunia." Mzee mmoja kanipa baraka mlangoni. Sikujua niitikie vipi.

Baada ya chakula Mama kakamata kadi zangu za istilahi, kakaa wima kwenye kiti kama yuko na watoto wa komunyo ya kwanza. Swali, jibu. Swali, jibu.

— Sitiari ni nini?

— Sitiari ni kulinganisha vitu viwili bila kutumia "kama" wala "mithili ya."

— Tena.

— Sitiari ni...

— Kwa sauti! Unaonea nani haya?

Tumekwenda hivyo: sitiari, tashibiha, tashihisi, takriri. Nikikosea neno moja naanza upya. Nilimwambia, Maman, si lazima neno kwa neno, kinachotakiwa ni kuelewa. Akaniambia kwamba kuelewa kunakuja nyuma, kwanza meza! Wamepita mikononi mwake watoto wangapi, na nani amewahi kurudishwa na Askofu? Hakuna hata mmoja.

Swali la balagha lilimkasirisha kabisa. Swali lisilohitaji jibu! "Sasa muntu anauliza ju ya nini? Ni kupoteza mate." Nilicheka mpaka nikashika mbavu.


Jumatatu, tarehe 10 Februari

Papa kapiga simu! Yuko Bukavu, anangoja mzigo wa kurudi nao. Bosi anasema kesho, kesho. Sauti yake ya kawaida, ile ya kuongea na injini ikiwaka. Akaniuliza kwa ukali: Takriri ni nini? Nikashtuka. Kumbe Mama alishamfundisha kwa simu asubuhi! "Jibu, Chérie. Minye sina krediti ya mingi." Takriri ni kurudiarudia neno au wazo kwa kusudi, Papa. Tena, akasema. Tena! Halafu akacheka, na simu ikakatika.

Watu wanaongea habari za vita kaskazini. Maman Louise, jirani yetu anayebadilisha pesa pale mpakani, anasema faranga zinashuka kila asubuhi na hiyo si dalili njema. Mama akasema dalili njema ni Mungu tu. Nimesoma.


Jumanne, tarehe 11 Februari

Nimefanya kitu kibaya bila kujua.

Mama alikwenda parokiani asubuhi. Nikasema nimfurahishe. Nikachukua ufagio, nikafagia uwanja wote — tangu mlangoni mpaka langoni, pembe zote, chini ya mparachichi, mpaka udongo ukabaki na ile mistari mizuri. Nilijisikia mtoto mwema! Nikawa hata najisemea ukurasa wangu huku nafagia: "ufagio ni ishara ya matumaini, ishara ni kitu kinachowakilisha..."

Mama akafungua lango. Akasimama. Hakuingia. Alitazama chini, akatazama ufagio mkononi mwangu, akakaa pale pale kwenye jiwe la langoni na Biblia yake mapajani. Nikadhani kasikia habari mbaya njiani. Nikamkimbilia. Maman, ni nini? Ni nini?

Akaniambia polepole. Kwao, kule Makobola, mtu akisafiri hawafagii nyuma yake. Nyayo zake zinaachwa mpaka ifike habari kwamba amefika salama, kama ni safari ya kwenda kukaa. Kama ni safari ya kurudi, mpaka arudi. Zinafagiwa siku hiyo — au siku ya kumzika. Basi ndiyo sababu ya uchafu wote huu! Nyayo za Papa.

Nikasema, Maman, mbona miaka yote sijawahi kusikia? Akasema kwa sababu Papa hurudi upesi, na miaka yote yeye ndiye anayefagia.

Halafu kaongeza jambo ambalo hajawahi kuniambia. Mwaka ule wa vita, akiwa msichana, babu yangu, baba yake, alitoka asubuhi kwenda shambani. Yeye akachukua ufagio, apate sifa kwa mama yake. Babu hakurudi. Wengi hawakurudi siku ile Makobola, wala haikuwa kwa sababu ya ufagio, analijua hilo, yeye ni mwalimu wa katekisimu! Lakini mkono wake tangu siku hiyo unakataa.

Nililia. Yeye hakulia. Akanifuta uso kwa kitenge chake, akasema: "Si weye. Weye haukujua." Na akaniuliza mdokezo ni nini, ili ninyamaze. Mdokezo ni kuacha maneno yakining'inia bila kuyamaliza, Maman. Vizuri, akasema. Tena.


Jumatano, tarehe 12 Februari

Simu ya Papa haipatikani tangu jana jioni. Rezo, anasema Mama, mtandao tu. Bukavu rezo yao ni mbovu siku zote.

Sikuweza kusoma. Nimeingia chumbani mwao, nikachukua sandali kuukuu za Papa, zile alizozikata mwenyewe katika tairi. Nikazivaa — miguu yangu inaogelea humo! — nikaanza kutembea uwanjani, tangu mlangoni kuelekea langoni, nikikanyaga kwa nguvu ili alama zionekane. Nilikuwa nimefika kwenye mparachichi nikasikia kicheko. Mama dirishani, kashika mdomo, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Halafu akaacha kucheka.

— Hapana, Chérie. Geuka!

— Nigeuke wapi?

— Anzia kwa lango. Zifanye zinakuya.

Nikaenda langoni, nikageuka, nikatembea kurudi nyumbani kwa miguu ya Papa. Polepole, hatua pana, kama anavyotembea yeye akiwa amechoka. Mama akatoka, akazikagua zote moja moja. Moja ilikuwa imepinda. Akanirudisha niifanye tena.

Nampenda mama yangu mpaka nakasirika.


Ijumaa, tarehe 14 Februari

Asubuhi: mtihani wa majaribio na Madame Candide, kwa simu, kipaza sauti kimewashwa. Alikuwa ameniahidi jaribio moja kabla ya siku yenyewe. Mama akakaa nyuma yangu na rozari.

Dakika kumi zangu nilizisema bila kukwama hata mara moja. Nikamsikia Mama akinong'ona: Vizuri. Halafu maswali.

— Chérie, kwa nini mwanamke huyu anafagia?

— Kufagia ni ishara ya matumaini. Ishara ni kitu kinachowakilisha...

— Najua ishara ni nini. Na kama si matumaini?

— Kufagia ni ishara ya matumaini, nikasema. Ishara ni kitu kinacho...

— Chérie! Unanijibu kama mtoto wa komunyo ya kwanza! Nani amekufundisha hivi?

Nyuma yangu rozari ikanyamaza. Sikugeuka, sikuthubutu! Nikasema nimejifundisha mwenyewe, Madame. Akasema istilahi nazijua vizuri, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba nimeziweka mbele ya mlango na mimi mwenyewe nimejificha ndani. Watu wa ng'ambo watasikia mara moja kwamba nimekariri. Yeye anataka kusikia nikifikiri. "Hata ukikwama. Kwama! Lakini kwama ukiwa wewe."

Baada ya simu Mama alikwenda kutwanga sombe. Alitwanga kwa hasira mpaka kinu kikahama mahali pake. Baadaye, bila kunitazama: "Huyo madame haiko na watoto mia na makumi." Halafu baada ya muda tena: "Ya kweli, ile swali haiko na jibu mu kadi."

Jioni: wanasema uwanja wa ndege wa Bukavu umechukuliwa na waasi. Simu ya Papa — hakuna.


Jumamosi, tarehe 15 Februari

Magari kutoka kaskazini. Magodoro juu. Watu wenye bunduki, wamechoka, wengine bila viatu. Mama katoa maji kwa kila anayeomba. Kila Fuso linalopita anatoka nje. Nami natoka. Hatuambiani ni kwa nini.

Sijasoma chochote.


Jumapili, tarehe 16 Februari

Bukavu imeanguka. Redio imesema, halafu kila mtu akasema.

Misa ilikuwa fupi. Nusu ya mabenchi tupu. Watoto wa Mama wa katekisimu walikuja wachache, akawafundisha hivyo hivyo, swali, jibu. Nani alikuumba? Mungu aliniumba. Tena. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza. Nikafikiri: Madame Candide, njoo usikie, hapa hakuna anayejificha. Wanashikilia maneno kwa sababu ndiyo yaliyo karibu.

Maman Louise anasema anavuka kwenda Gatumba kwa dada yake, akiona dalili moja zaidi tu. Kesho au keshokutwa. Anasema twende wote. Mama kasema asante, Maman Louise, tutaona.


Jumatatu, tarehe 17 Februari

Risasi tangu asubuhi, upande wa mjini. Si karibu, lakini si mbali. Tumefunga mlango, tumekaa chini katika kikolido, ile njia ya kati ya vyumba, migongo ukutani. Naandika hapa hapa.

Ujumbe wa Madame uliingia rezo iliporudi kidogo: mtihani wangu umesogezwa mpaka Alhamisi. Ananingoja. "Njoo na mama yako. Nafasi ipo."

Mama akasema, haya, lete ule ukurasa. Bila kadi leo. Nikamsomea wote huku milio ikisikika. Nilipomaliza alikuwa amekunja uso.

— Huyo mama wa mu kitabu haiko na akili, akasema.

— Kwa nini, Maman?

— Bwana yake iko mu safari, na yeye anafagia? Kila siku? Anafuta muntu!

Nilikaa wima. Sijawahi kufikiria hivyo! Nikasema, Maman, labda hajui desturi. Akasema kila mtu anajua desturi ya kwao. Nikasema labda kwao ni kinyume, labda kwao unafagia ili anayerudi akute njia safi. Akafikiri. Hapana, akasema, angalia, mwandishi anasema amefagia "mpaka alama ya mwisho." Kama anamngoja, alama inamkosea nini? Nikasema basi labda amekasirika. Ameachwa peke yake, kijiji kimehama, na yeye amefungwa pale na nyayo za mtu. Labda anafagia ili aweze kuondoka!

— Inaweza, akasema. Lakini minye sipendi.

— Kama si matumaini, ni uhuru?

— Ama ni uchungu. Uchungu pia unafagia, Chérie. Mama yangu alifagia sana, nyuma ya ile siku ya Makobola.

Tukabishana hivyo mpaka milio ikanyamaza na hatukujua imenyamaza saa ngapi. Ndiyo mara ya kwanza nimeelewa Madame alikuwa anataka nini. Hakuna jibu nyuma ya kadi! Kuna watu wawili, ukurasa mmoja, na kila mmoja anavuta upande wake.

Kisha nikamwuliza: Maman, utavuka na mimi?

Akauliza kama hilo ni lile swali letu la balagha. Nikasema hapana, Maman, hili linataka jibu. Akainuka kwenda kutazama maharage, na maharage yalikuwa bado hayajawekwa motoni.


Jumanne, tarehe 18 Februari

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Niko kikolidoni.

Wenye bunduki wamevunja duka la kona. Maman Louise amekuja akipitia nyuma ya nyumba, kapata dalili yake. Anavuka kesho alfajiri, mpaka bado uko wazi kwa wanaokimbia. Mama kamwambia mbele yangu, bila kuniuliza: Utaenda naye Chérie.

Naye Chérie! Kana kwamba mimi ni godoro! Nilipiga kelele. Nilisema siendi. Nilisema mtihani ni karatasi tu, diploma ni karatasi tu, sitaenda kuongea juu ya mwanamke wa kitabuni wakati mama yangu mwenyewe amekaa peke yake na risasi. Nilisema Papa angekuwa hapa angetuvusha wote wawili. Nilisema maneno mengine ambayo siyaandiki.

Mama alinisubiri nimalize. Halafu akasema Papa hana simu, au simu yake haina moto, haina chaji. Akitoka Bukavu atashuka kwa miguu, kwa njia yoyote. Anajua mahali pamoja tu pa kuja. "Akifika, atakuta nani hapa? Mulango yenye kufungwa?" Na Papa je, akisikia kwamba binti yake alikosa "mutihani ya dunia" kwa kumlinda mama ambaye ana miguu yake miwili?

Nikasema na mimi nataka kumngoja.

Akasema kumngoja ni kazi ya mtu mmoja. Ya pili ni kufika. "Muntu moja anangoya, mwingine anafika. Weye ni wa kufika."

Alinisuka nywele, mistari midogo ya nyuma, inayobana, ili isifumuke njiani. Aliivuta mpaka macho yakatoka machozi, na tukasingizia kusuka. Ninaogopa. Naandika ili nisimwambie tena.


Jumatano, tarehe 19 Februari

Nimevuka.

Alfajiri, kijivu. Mama akanipa nguo mbili, vitabu vyangu, na mukeke mmoja, samaki wa ziwani, wa kukaanga katika gazeti. Akafungua mlango, akasimama kizingitini. Hakunisindikiza langoni. Nikajua kwa nini: hakutaka kukanyaga juu ya nyayo.

Zile za Papa nilizozitengeneza zilikuwa bado zinaonekana, ingawa mvua ya juzi ilizilainisha. Mvua haihesabiwi, Mama kasema, mvua si ufagio. Nikapita kandokando yake, mimi nakwenda, zenyewe zinakuja. Nilikanyaga kwa nguvu. Langoni nikageuka. Mama kanyoosha mkono, kaonyesha chini, uwanjani, kama mtu anayesema: naziona, zitakaa.

Barabara ilikuwa watu tupu. Pikipiki zimebeba familia nzima. Mpakani yule askari wa biblioteki hakuwepo. Maman Louise alinishika kifundo cha mkono tangu Kavimvira mpaka ng'ambo, hakuniachia hata tulipokwisha kukanyaga Burundi. Ilibidi nimwambie, Maman Louise, tumefika. Alikaa juu ya mzigo wake akalia kwa sauti. Yeye ambaye hucheka hata faranga zikianguka!

Nilimpigia Mama kwa simu ya dada wa Maman Louise, yangu haikuwa na krediti. Ikaita mara moja tu.

— Umefika?

— Nimefika, Maman.

— Basi, akasema. Basi. Sitiari ni nini?

Nikasema, Sitiari ni..., nikaishia hapo. Akasema si kitu, nitajibu kesho kwa huyo madame. Nikauliza habari za Papa. Akasema lala.


Alhamisi, tarehe 20 Februari

Bujumbura. Shuleni. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Madame yuko ndani anapanga mashine ya kurekodi. Alinikumbatia getini, hakusema kitu juu ya katekisimu. Kaniuliza tu kama nimekula. Nimekula ule mukeke wote, peke yangu, ndani ya basi, na watu walinitazama.

Ukurasa wangu uko hapa mapajani. Vidokezo vyangu nimevifuta vyote, nimeandika vipya. Vya mwisho ni hivi: "Anangoja? Anafuta? Anaondoka? Uliza desturi ya kwao ni ipi." Sijui nitasema nini. Kwa mara ya kwanza sijui kabisa, lakini mdomo unataka kuongea.

Nimejaribu simu ya Mama tangu asubuhi. Haipatikani. Haipatikani. Haipatikani. Takriri!

Madame kachungulia: dakika chache bado. Nikajaribu mara nyingine —

Imeita! Mama kapokea!

Rezo mbovu. Sauti inakuja na kwenda. Maman, uko mzima? Niko. Risasi? Leo kidogo. Na nyuma ya sauti yake nikasikia: shwaa. Shwaa. Shwaa. Naijua sauti hiyo tangu nazaliwa. Ilikuwa karibu naye kabisa, mkononi mwake, na ilikuwa inakwenda huku anaongea.

— Maman, unafagia?

Shwaa ikakoma.

Nyayo zangu zinaweza kufagiwa, mimi nilisema nimefika. Lakini zile nyingine! Zinafagiwa siku ya kurudi, au siku ya... Nikasema, Maman, niambie. Maman, hili linataka jibu!

Sauti yake ikarudi, nusunusu, ya haraka, ile ya kugombeza mtu akiwa na wageni:

— Chérie, ile beseni kubwa uliweka wapi? Ya bluu! Ju ya nini mutoto unahamisha vitu vya...

Ikakatika.

Beseni. Lile la miguu ya Papa! Nililitoa ukutani Jumatatu, nikalisukuma chini ya kitanda changu ili lisitobolewe na risasi. Kaliulizia beseni! Napiga, haipatikani. Napiga, haipatikani. Nimemwandikia: chini ya kitanda changu, Maman, CHINI YA KITANDA. Ujumbe haujaondoka, alama inazunguka tu. Hakuna aliyeniambia chochote. Huenda anataka kubebea nguo. Sisemi lile ninalolifikiria, nikilisema litakimbia. Nacheka peke yangu kwenye benchi.

Madame Candide kafungua mlango. Anasema mashine iko tayari, ananiuliza kama na mimi niko tayari. Nimemwambia bado, Madame, naomba dakika moja tu, kuna mtu anatafuta beseni. Hakuelewa, lakini kaacha mlango wazi na kaketi. Tangu hapa namwona, kaweka nakala ya ukurasa wangu mbele yake, na kidole kiko pale pale kwenye mstari wa ufagio. Nainuka. Simu naingia nayo mfukoni, imewashwa, wanisamehe huko ng'ambo, siizimi.